Tofali la Mama Silvana

Nimezaliwa Mtaa wa Tanuri, nimekulia Mtaa wa Tanuri, na mwaka wa kumi na moja huu ndimi mwenyekiti wake. Kwa hiyo mgeni akitaka kuujua upande mkongwe wa Sumbawanga huwa analetwa kwangu. Sikatai. Napenda kusema, mke wangu Adela atakuthibitishia, na mtu akinipa sikio nusu saa nampa mtaa mzima: maduka yenye baraza ndefu waliyoyaacha Waarabu na Wahindi, mabati yaliyoshika kutu mpaka yamekuwa rangi ya ugoro, kisima kilichozibwa, mikaratusi mitatu iliyobaki kati ya ile arobaini ya enzi za baba. Namwonyesha nyumba walimokuwa wanafikia wauza migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando, Wakristo chumba hiki na Waislamu kile, na wote wakipikiana mvua ikiwafungia njia. Yote hayo yapo bado. Kitu ambacho sisi tulikuwa nacho na mitaa mingine haina kilikuwa ukuta wa ukumbi wetu, na huo sasa naupita nikiwa nimeinamisha kichwa.

Ukumbi wenyewe wazee wanauita Welfea. Ulijengwa mwaka sitini na tatu kwa matofali ya kuchoma, na hakuna aliyeyanunua. Kila kaya iliambiwa ilete ishirini. Wafipa tunasifiwa kwa kuchapa kazi, na sifa hizo nazipokea kwa mikono miwili, ila wazee wale walijuana. Walijua kuna mtu atakayeleta kumi na mbili kisha aape kwa jina la mama yake kwamba ni ishirini. Wakatoa amri kila kaya ibonyeze alama yake kwenye tofali likiwa bado bichi, ili mtegaji aumbuke. Uzuri wote wa ukuta ule, kama unataka kujua, ulianzia kwenye kutoaminiana.

Basi mmoja akabonyeza gunzi la hindi, mwingine ufunguo, mwingine kizibo cha soda. Beda, fundi cherehani, alibonyeza mkasi wake. Watu wa Kirando walichora mtumbwi wenye mtu mmoja mwenye kichwa kikubwa mno. Udongo ulipoiva kwenye tanuri alama zikaiva nazo, na waashi wakazipanga zote zitazame barabarani. Mtoto wa mtaa ule alijifunza kuhesabu kwa zile alama kabla hajaonana na mwalimu. Mimi ni mmoja wao.

Mama Silvana alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, na mtoto wake wa kwanza, Epifania, alikuwa na miezi minane. Mumewe, marehemu Eustaki, alikuwa mtu wa utani. Wenzake wanatafuta magunzi na funguo, yeye akamnyanyua mtoto na kumkanyagisha mguu mmoja kwenye tofali bichi. Mtoto akapiga kelele kwa ubaridi wa udongo, watu wakacheka. Tanuri lilikuja kufunguliwa baada ya wiki mbili, na siku hiyo Epifania alikuwa ameshazikwa. Surua. Picha hakuwa amepigwa. Msalaba wake wa mti uliliwa na mchwa, na makaburi yale ya zamani leo hakuna anayeweza kukuonyesha yalipoanzia wala yalipoishia. Likabaki tofali, safu ya tano juu ya msingi, kushoto kwa mlango.

Tangu nikiwa mdogo nilimwona akipita, akienda sokoni au akirudi, anaweka kiganja pale kidogo kisha anaendelea na safari yake. Watoto tulidhani ni namna ya watu wazima ya kuusalimia ukumbi. Nilikuja kumuuliza nikiwa tayari mwenyekiti. Alikuwa anapukuchua maharage uani kwake, wala hakuinua macho. "Epifania hakuwahi kutembea," aliniambia. "Ile ndiyo hatua yake moja."

Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua.

Mwaka juzi tulimfanyia binti yetu Salome sendofu, pale pale Welfea. Wakwe walikuja kutoka Mbeya na magari manne. Tulipamba, tulikodi viti vyenye nguo, Adela alipika mpaka sauti ikamkauka kwa kuamrisha. Ulipofika wakati wa shukrani mshenga wao akashika kipaza sauti, akasema, "Ukumbi wenu ni mzuri sana, ndugu zetu wa Sumbawanga. Mkimaliza kuujenga, mtuite tena."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Ndani nilikuwa nawaka. Adela alisema ule ni utani tu, tena utani mzuri, na kwamba mkwe anayekutania amekupenda. Sikumsikia. Kuanzia siku ile kila nilipopita pale sikuona tena gunzi wala mkasi. Niliona tofali tupu lisilopigwa plasta, jengo la watu walioshindwa kumaliza. Niliona haya kwa ajili ya ukuta, na leo natamani ningeishia hapo tu.

Haikupita miezi mingi akaja wakala wa kampuni moja ya rangi. Wangeupiga plasta ukuta wa mbele na kuupaka rangi bure, mradi rangi ziwe zao na jina lao liandikwe juu. Alichotaka kwangu kilikuwa muhtasari wa mkutano wa wakazi. Niliitisha mkutano, mvua ikanyesha, wakaja watu saba. Sita walitikisa vichwa kukubali ili wawahi nyumbani. Wa saba alikuwa Ngeleja, Msukuma mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye baba yake alishuka Rukwa na ng'ombe zake sisi tukiwa watu wazima. Akasimama, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, samahani. Hizi alama za wazee ndiyo tunazifuta kweli?"

"Ngeleja," nikamwambia, "wewe ni mtu wa juzi hapa. Mambo ya mtaa huu waachie wenye mtaa."

Akakaa. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba wakazi arobaini na watatu walihudhuria na kuridhia kwa kauli moja. Mwandiko wangu ni mzuri, nilipata sifa zake tangu shule.

Wakala aliniambia nichague mwezi wowote kati ya Mei na Agosti. Nilichagua Julai. Kila mtu anajua Julai yetu ilivyo, upepo unapita kwenye makoti kana kwamba hukuvaa kitu, na kila mtu wa mtaani anajua kwamba Mama Silvana baridi hiyo humla magoti, naye huteremka Muze kwa binti yake kwenye joto la bondeni mpaka mvua zikaribie. Nilichagua mwezi ambao hayupo. Sikumwambia mtu, hata mwenyewe sikujiambia waziwazi, lakini nilichagua.

Fundi alikuwa Yusto wa Kizwite, mtu mwangalifu. Aliupapasa ukuta akatikisa kichwa. "Matofali haya yameiva sana, mwenyekiti. Uso wake umekuwa kigae. Plasta haitashika, lazima niudonoe kwa tindo."

"Wote?"

"Wote. Nitakapoacha patabanduka."

Basi akaudonoa nyuma ya maturubai ya kampuni ya kuzuia vumbi, nami nikimshikia ngazi. Mkasi ulikwenda, mtumbwi ukaenda pamoja na yule mtu wa kichwa kikubwa. Aliposhuka kwenye safu ya tano akasimama, nyundo hewani. "Hapa kuna mguu wa mtoto," akasema. "Tunaweza kuacha kidirisha, nikazungushia simenti vizuri. Ni kazi ya nusu saa."

Niliutazama. Vidole vitano vyote vilikuwa vinaonekana, na kile kidogo kimejikunja kwa ule ubaridi. Kisha nikachungulia nje, nikamwona wakala amesimama kando ya gari lake anaangalia saa. Nikasema, "Kidirisha kitaharibu rangi. Endelea."

Yusto akashusha nyundo.

Ulipomalizika, ukuta ulikuwa wa njano na buluu, laini, na nilifurahi. Nisijifanye mtakatifu, nilifurahi kabisa. Niliupiga picha nikamtumia yule mshenga wa Mbeya. Akajibu kwa kidole gumba.

Oktoba akaja msichana wa chuo kikuu, Jenifer, anaandika kuhusu mitaa ya zamani ya miji yetu. Alinipa shikamoo ya heshima, akatoa daftari, nami nikamzungusha kama kawaida yangu: baraza, kisima, mikaratusi, nyumba ya wauza migebuka. Nilikuwa kwenye ubora wangu, watu wanne watano wakatufuata kusikiliza. Tulipofika Welfea akasimama.

"Mzee, niliambiwa hapa kuna ukuta wa alama za kaya."

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Lakini watu wale walikuwa wananiangalia, na yeye ameshika kalamu, na mdomo wangu umezoea kusema. "Ziko chini ya plasta," nikajibu. "Mvua ilikuwa inazila. Tumezihifadhi."

Jenifer akaandika. Nyuma yangu nikasikia makofi, mapole, yale ya Kifipa ya kumheshimu mtu. Nikageuka. Mama Silvana alikuwa amechuchumaa barabarani, kapu liko kando yake, viganja vimekutana. Mwanamke wa miaka themanini na magoti yake yale, ananipigia mimi makofi. Alikuwa amerudi kutoka Muze jana yake.

"Nakushukuru, mwanangu," akasema. "Toka asubuhi nimekaa nawaza, nikadhani mmemwondoa. Kumbe mmemfunika asipigwe na baridi."

Nilimwinua kwa mkono. Nilipaswa kumwomba asinishukuru. Nilichosema ni, "Shikamoo, mama. Karibu nyumbani."

Jenifer alitaka kujua ni nani aliyefunikwa, akasimuliwa, macho yake yakalowa. Akasema, mzee, kwa nini msifungue kidirisha kidogo tu pale kwenye mguu, mkaweka kioo? Watu wangekuja kuuona, na yeye angerudi kupiga picha. Wote wakaitikia kwamba ni wazo zuri sana. Mama Silvana akaniuliza, "Lini?"

"Wiki ijayo."

Wiki ile fundi alikuwa amesafiri. Iliyofuata simenti ilikuwa imeadimika. Iliyofuata tena nikasema tunasubiri ruhusa ya wenye rangi. Kila asubuhi alikuja kuuliza, kwa adabu, bila kunisukuma, na hakuja mikono mitupu. Alileta maharage ya fundi, mayai ya fundi, mahindi mabichi ya kumwagilia kutoka Mollo, ya fundi. Adela alikuwa anayapokea na kunisimanga, "Baba Salome, mfanyie mama wa watu kazi yake, ni tofali moja tu!" Nilikuwa nakula mayai yale. Nilianza kupita njia ya nyuma ya soko nisikutane naye, mimi, mwenyekiti wa mtaa, nachepuka kwenye vichochoro vyangu mwenyewe kwa kumkimbia bibi kizee.

Jumatatu moja alinikuta mlangoni; wazee huamka mapema, akaniwahi kabla sijatoka. Alifungua kanga. Ndani kulikuwa na kioo, ukubwa wa daftari, kingo zake zimesuguliwa zisikate mtu. "Nimekatiwa mjini," akasema. "Nimewaambia cha mtoto, wakakisugua vizuri."

Nilikishika. Kilikuwa na joto la mwili wake. Nilitaka ardhi inimeze pale pale na kioo chake.

Kesho yake, saa ambayo mtaa unakuwa mtupu watu wakiwa sokoni, nilimfuata kwake na nyundo na tindo; kioo chake akakibeba mwenyewe. Sikumwita Yusto. Niliwaza, kwa akili yangu ya woga, kwamba tukifungua pamoja ukuta wenyewe utamwambia na mimi sitalazimika.

Hakuhitaji kupima. Alisimama kushoto kwa mlango, akanyoosha mkono kama alivyounyoosha miaka sitini, kiganja kikatua. "Hapa," akasema.

Nikagonga. Plasta ikaanguka vipande vipande, likatokea tofali jekundu lenye mashimo matupu, limeliwa uso wote. Akalifuta kwa pindo la kanga. Akalamba kidole, akalifuta tena.

"Siyo hili. Shuka kidogo."

Nikashuka. Mashimo. Akasema, basi ni la upande wa pili, nimezeeka, mkono umenidanganya. Nikafungua la upande wa pili, na nilijua hakuna kitu, na nikaendelea kugonga huku yeye akipangusa vumbi kwa haraka kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya tofali la tatu akarudi kwenye lile la kwanza. Akalipapasa polepole, kona kwa kona.

"Ni hili," akasema. "Limefanywa nini?"

"Lilidonolewa, mama. Ili plasta ishike."

"Nani alidonoa?"

"Fundi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Ukuta haukuwa umenisaidia kitu. "Nilikuwa hapa," nikamjibu. "Fundi aliuona mguu, akataka kuuacha. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee."

Nilingoja anilaani. Ningeshukuru. Alikaa kwenye ngazi ya Welfea, akalaza kioo chake mapajani. Halafu akauliza, "Na mkasi wa Beda?"

"Pia."

"Na wale wa mtumbwi?"

"Zote, mama. Hakuna hata moja iliyobaki." Nikamwambia nitaitisha mkutano Jumapili ile ile, nitasimama mbele ya watu wote, nitasema ukweli, nitaomba msamaha.

"Ukishaomba wewe utapumzika," akasema. "Na Beda? Jana nimemwona, anagusa pale juu kwenye rangi, anacheka peke yake. Mwache. Paziba hapa."

"Mama..."

"Paziba, Christopha. Vizuri. Asijue mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu tangu nipate uenyekiti. Nilikwenda kuazima mwiko na karai, nikakoroga simenti kwa mikono yangu, na yeye akanishikia kopo la maji. Nilipiga plasta vibaya, mimi si fundi, ikabaki baka la kijivu kwenye ile njano. Alikuwa ananielekeza pasipojaa. Tulipomaliza alinimiminia maji ninawe, akauliza kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Yale mapande yaliyoanguka wakati ule, mlitupa wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja, naapa, mpaka alipouliza.

"Yalikuwa toroli mbili," nikasema. "Niliyamwaga kwangu. Mlangoni palikuwa na tope."

Akakifunga kioo kwenye kanga, akaenda zake.

Jumapili ile, baada ya misa ya kwanza, nilikuwa chumbani nafungua tai nikasikia geti linalia. Nikachungulia dirishani. Alikuwa Mama Silvana, amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vyake vyeupe. Kwetu hajawahi kuingia siku ya Jumapili. Kutoka getini hadi mlangoni ni hatua kama kumi, na zote ni vile vipande vyekundu, vimeshindiliwa na miguu yetu, ya wageni wetu, na matairi ya pikipiki yangu. Alisimama pale geti lilipoishia. Akashika nguzo, akainama kwa shida, akavua kiatu kimoja, akapumzika, akavua na cha pili. Akavishika mkononi, akaanza kuja peku, polepole, anatazama chini kabla ya kila hatua.

Adela akatoka mbio jikoni, mikono ina unga. "Shikamoo, mama! Jamani, vaa viatu utajichoma! Ni vifusi tu hivyo, Baba Salome alivimwaga kuzuia tope."

"Marahaba, mwanangu," Mama Silvana akajibu, na akaendelea kuja hivyo hivyo.

Adela akaniita nitoke nimpokee mgeni. Akaniita tena. Nilikuwa nyuma ya pazia na viatu vyangu vya kanisani miguuni, na sikuweza kwenda, kwa sababu njia ya kumfikia ilikuwa ni ile ile.